Kwenda kuhudumu kwenye kituo cha watoto Burundi ukitokea Kigoma: mwongozo kwa anayeanza

Kila mwaka safari ikishatangazwa kanisani, simu yangu inaanza kuita, na maswali ni yale yale. Pasipoti ni lazima? Tubebe nguo za mitumba? Nikimpenda mtoto mmoja naweza kumlipia ada? Kirundi sikijui, itakuwaje? Nimekwenda mara nne na vijana wa usharika wetu hapa Kigoma mjini mpaka kituo kimoja cha watoto kusini mwa Burundi, mara mbili za mwisho nikiwa mratibu. Nimeona niyaweke majibu mahali pamoja, pamoja na yale ambayo hakuna anayeyauliza ingawa ndiyo yenye uzito.

Safari ya kwanza tulikuwa watu 14. Tulibeba mipira, pipi, midoli na maboksi mawili ya nguo. Asubuhi ya pili mama mlezi alinishika mkono akanipeleka nyuma ya bweni. Ukutani yalikuwa yameegemezwa magodoro 11 yakianikwa, yote yana madoa ya mkojo, mengine yameliwa katikati hadi sponji inadondoka ukiligusa. "Kila asubuhi nayatoa, kila jioni nayarudisha," akaniambia. "Ikinyesha, wanalala kwenye mkeka." Alichokihitaji kilikuwa mipira ya kutandika juu ya magodoro, sabuni ya kufulia na kibanda cha bati cha kuanikia. Tungemuuliza angetuambia. Hatukumuuliza.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Muda: miezi mitatu kabla ya tarehe ya kuondoka, minne ikiwa kuna wasio na pasipoti.
- Pasipoti hai kwa kila msafiri.
- Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano.
- Barua ya mchungaji wenu, na barua ya mwaliko kutoka kituoni yenye tarehe na idadi ya watu.
- Mratibu mmoja na mtunza fedha mmoja. Wasiwe mtu yule yule.
- Mtu anayejua Kirundi au Kiha (lugha ya kwetu Kigoma, inakaribiana sana na Kirundi), na ikiwezekana mwingine anayesoma Kifaransa, maana karatasi nyingi za ofisi kule ni za Kifaransa.
- Fundi wa kweli kama kazi ni ya ufundi. Kijana mwenye moyo wa kujituma ambaye hajawahi kupiga lipu hawezi kuitwa fundi.
- Akiba ya dharura isiyoguswa, inayotosha kumrudisha mtu mmoja nyumbani akiugua.

Hatua ya 1: Ongea na mlezi kabla ya kupanga tarehe

Si mfadhili wala mchungaji wa kule. Ongea na mtu anayelala na watoto, yule anayejua nani anakohoa na nani hali. Muulize mambo haya, uyaandike:

Watoto ni wangapi na wana umri gani? Kituo kimesajiliwa na serikali, na cheti kipo? Watoto wanasoma shule gani, wanarudi saa ngapi? Wana ndugu wanaowatembelea? Mwezi huu kinachokutesa zaidi ni nini? Na swali la mwisho, ambalo wengi wanaona aibu kuliuliza: je, kuja kwetu kutakusaidia au kutakuongezea kazi? Mlezi mmoja aliwahi kunijibu waziwazi kwamba mwezi wa mitihani hawatutaki. Tukasogeza tarehe.

Swali la ndugu lina sababu. Wengi wa watoto wanaoishi kwenye vituo duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Umaskini, ugonjwa au vita ndivyo vilivyowafikisha hapo. Kuna mahali watoto wanakusanywa ili wageni wapate wa kuwaona na kuwachangia. Jambo hili limeshafika hadi Umoja wa Mataifa: mwaka 2019 Baraza Kuu, katika azimio lake kuhusu haki za mtoto, lilitaka nchi zizuie madhara yanayotokana na wageni kujitolea kwenye vituo vya yatima. Kwa hiyo ukiona kituo kinaruhusu mgeni yeyote kuingia saa yoyote, kinawachezesha watoto ngoma kila gari likifika, au kinakubali umtoe mtoto mkalale naye hotelini, usipeleke kundi lako hapo. Mweleze mchungaji sababu, mtafute pengine.

Hatua ya 2: Chagua kazi moja inayoisha

Mna siku saba, nane. Kazi ya kumlea mtoto haiishi kwa siku nane, ila kibanda cha bati kinaisha. Kuziba paa kunaisha, kuweka tanki la maji na mifereji yake kunaisha, hata kushona mashuka 40 kunaisha mkiwa na cherehani mbili. Kazi ya namna hiyo inabaki baada yenu, na mlezi anapata nafasi ya kukaa na watoto wake badala ya kubeba ndoo.

Kufundisha masomo ya wiki moja sikushauri. Mwalimu wao ana mpango wake, na mkiondoka anaanza kurekebisha mlichovuruga. Vipindi vya nyimbo na hadithi za Biblia jioni vinafaa, mlezi akiwepo.

Hatua ya 3: Chuja watu

Hapa ndipo makanisa mengi tunaona haya. Aliyechangia pesa nyingi anataka kwenda, mtoto wa mzee wa kanisa anataka kwenda, na kumwambia mtu hapana ni kazi. Lakini hatuzungumzii matembezi. Kila anayekwenda awe na miaka 18 au zaidi, awe anafahamika usharikani walau mwaka mzima, na mchungaji aandike kwamba anamjua. Mwenye minong'ono kuhusu mwenendo wake na watoto abaki, hata kama hakuna aliyethibitisha. Atachangia kwa njia nyingine.

Kisha kila mmoja asaini kanuni hizi, tena baada ya kusomwa kwa sauti mbele ya wote:

Hutakaa na mtoto peke yenu mahali pasipoonekana. Hutaingia bwenini bila mlezi. Hutamwogesha mtoto wala kumbadilisha nguo. Hutampakata mtoto kwa sababu wewe unajisikia kumpakata. Hutampa zawadi mtoto mmoja kwa siri. Hutatoa namba yako ya simu.

Kuna dada aliwahi kuniuliza kama tunawafanya watoto kuwa watu wa kuogopwa. Nilimjibu kwamba tunawalinda wao kwanza, na pili tunalinda jina lake yeye.

Hatua ya 4: Karatasi

Mtanzania haombi viza kuingia Burundi. Nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Lakini pasipoti unaihitaji. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakikuvushi. Ada ya pasipoti ni shilingi 150,000, maombi yanajazwa mtandaoni, kisha unakwenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa na cheti cha kuzaliwa na NIDA. Cheti cha kuzaliwa ndicho kinachokwamisha vijana wetu wengi, hasa waliozaliwa vijijini Buhigwe na Kasulu. Anza nacho.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe walau siku 10 kabla ya kuvuka, maana kadi inaanza kuhesabika siku ya kumi. Ukishaipata ni ya maisha. Utaratibu wa kurudia kila miaka 10 uliondolewa Julai 2016. Usiiache nyumbani ukidhani picha yake kwenye simu inatosha.

Mkienda na gari la kanisa, dereva awe na bima inayovuka mpaka, ile kadi ya njano ya COMESA, pamoja na kadi ya gari na barua ya mwenye gari. Bima ya ndani inaishia Manyovu, mpakani.

Hatua ya 5: Fedha na mizigo

Gawa bajeti mafungu manne: nauli na karatasi, chakula na malazi yenu, vifaa vya kazi, akiba. Fungu la vifaa lisiguswe na nauli. Kama mchango umepungua, punguza watu. Watu sita wenye bati za kutosha ni bora kuliko 14 wenye pipi.

Chakula chenu lipeni wenyewe, hata kama mlezi anasisitiza mle na watoto bure. Mnapokula sombe (kisamvu) na maharage yao, sufuria ile ile imegawanywa kwa watu kumi zaidi.

Kuhusu mizigo: nunueni kule kule kinachopatikana kule. Hata mawese, fahari yetu ya Kigoma, usiyabebe. Rumonge, kule kusini mwa Burundi, wenyewe ni mji wa michikichi. Mchele na mahindi vina vibali vyake vya kuvuka mpaka, kwa hiyo usipakie magunia ukidhani neno "zawadi" linatosha. Bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 zina utaratibu rahisi wa cheti cha asili (karatasi inayoonyesha bidhaa imetoka nchi gani) mpakani, lakini hata huo unataka orodha yenye bei. Andika orodha nakala tatu. Dawa za hospitali msibebe kabisa, isipokuwa za matumizi yenu. Pakieni kwenye mabegi ya kitambaa: mifuko ya plastiki imepigwa marufuku kule kama ilivyo kwetu.

Hatua ya 6: Njia

Njia ya nchi kavu ni Kigoma, Mwandiga, Manyovu, kisha Mugina upande wa pili, Mabanda, Nyanza-Lac, halafu barabara inafuata ziwa hadi Rumonge na Bujumbura. Kigoma hadi Manyovu ni kama kilomita 60. Ondokeni alfajiri.

Mambo manne ya kumkumbusha dereva na kundi:

Burundi wanaendesha upande wa kulia. Dereva ambaye hajawahi, alale vizuri, na awe na mtu wa kumkumbusha kwenye kila mzunguko na kila anapotoka kituo cha mafuta. Pale ndipo mkono unarudi kwenye mazoea.

Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Ikiwa Kigoma saa 2 asubuhi, kwao ni saa 1. Mkiahidi kufika saa 9, semeni ni saa ya nani.

Jumamosi asubuhi ni muda wa kazi za jamii, na magari yanazuiwa hadi kazi ziishe. Msivuke Jumamosi.

Miaka ya karibuni petroli na dizeli vimekuwa adimu sana kule. Jazeni tangi Kigoma, panga safari kwa tangi hilo. Msifiche madumu ya petroli kwenye basi. Ni kosa, na ni moto unaosafiri na watu.

Hatua ya 7: Siku ya kwanza

Usianze kazi. Salimia. Anayejua Kiha atashangaa jinsi Kirundi kinavyomwingia, na asiyejua aanze na "amahoro", ajifunze "mwaramutse" ya asubuhi, "mwiriwe" ya baadaye na "murakoze" ya kushukuru. Unaweza kukuta mlezi aliyewahi kuishi kwenye kambi za wakimbizi za kwetu, Nyarugusu au Nduta, Kiswahili chake kimenyooka kuliko chako.

Hapo hapo niseme la muhimu. Usimuulize mtu kabila lake. Usimuulize mtoto wazazi wako wapi. Vita vilivyoanza baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993 viliingia kwenye nyumba nyingi, na sisi wa Kigoma ndio tuliowapokea waliokimbia, hatuna kisingizio cha kutojua. Mtoto akitaka kusema atasema, na huenda hatakuambia wewe.

Jioni hiyo, mlezi akiwepo, waambieni watoto siku mtakayoondoka. Itajeni kwa jina: "Jumanne ijayo, baada ya chai." Wakumbusheni kila baada ya siku mbili.

Hatua ya 8: Siku za kazi

Ibada fupi asubuhi, kazi hadi mchana, mapumziko, kazi tena, jioni na watoto. Mlezi akisema leo jioni hapana, basi hapana. Watoto wakubwa wakitaka kusaidia, wapewe kazi nyepesi baada ya shule, kwa ruhusa. Mtoto asipande juu ya bati.

Ubishi kati yenu msiufanyie uani.

Hatua ya 9: Picha

Pigeni picha za kazi: paa, tanki, mikono iliyoshika nyundo. Sura za watoto hapana, na majina yao hapana, hata kama yameandikwa kwenye sare. Mtu mmoja tu ndiye awe na kamera, wengine simu zao zikae mfukoni wakiwa uani. Kabla hujabisha, jiulize kama ungependa mwanao anayelala kwa jirani apigwe picha na wageni akila, kisha ioneshwe kanisani kukusanyia mchango.

Hatua ya 10: Kuaga

Safari ile ya kwanza mvulana wa kama miaka sita alinizoea. Kila nilipokaa alikuja akashika upindo wa kitenge changu, hasemi kitu, anaushika tu. Siku ya kuondoka nilimwambia, "Nitarudi mwezi ujao." Nilisema ili asilie. Nilirudi baada ya mwaka. Mama mlezi aliniambia kwamba kwa wiki nyingi, gari lolote likisimama getini, mtoto yule alikuwa anaacha chakula anakimbia kuangalia. Niliporudi hakuja. Alikaa upande wa pili wa ua akinitazama, na siku zote nane hakusogea.

Kwa hiyo neno "nitarudi" tumelifuta. Sema: "Nimefurahi kukufahamu. Leo naondoka. Mama atakuwepo." Agana mchana watoto wakiwa macho, usitoroke alfajiri. Mwacheni mlezi asimame nao getini, nyinyi ndio muondoke.

Hatua ya 11: Mkisharudi

Ndani ya wiki mbili someni hesabu zote mbele ya usharika, hadi risiti ya misumari. Anayetaka kumlipia mtoto ada, achangie ada za kituo kizima kupitia mlezi, au, bora zaidi, fungu la kuwasaidia ndugu walio tayari kumchukua mtoto wao nyumbani. Muulizeni mlezi kama lipo. Mfadhili wa mtoto mmoja anazaa wivu bwenini.

Yakikwama

*Pasipoti ya mtu haijatoka na imebaki wiki moja.* Aende Uhamiaji aulizie hati ya dharura ya kusafiria. Ikishindikana abaki. Njia za panya hazina huduma ya Mungu ndani yake. Akikamatwa, kundi zima linakwama.

*Mizigo imezuiwa mpakani.* Toa orodha na barua ya mwaliko, mpigie mlezi aongee nao. Usitoe pesa isiyo na risiti. Mkishindwa, acheni mizigo upande wetu kwa mwenyeji mnayemwamini, vukeni na watu.

*Mlezi anasema kazi mliyokubaliana siyo tena ya haraka.* Msikilize. Tanki linaweza kuwa limeletwa na wengine wiki iliyopita. Ndiyo maana unampigia tena siku tatu kabla ya kuondoka.

*Mtoto hataki kukuachia.* Usimng'oe mikono. Mwite mlezi, keti naye chini pamoja, mpaka mtoto ahamie kwa mlezi. Kesho yake badili zamu, ufanye kazi za nje.

*Umeona alama za kipigo, au mtoto amekuambia jambo zito.* Usimhoji na usimwahidi siri. Andika maneno yake kama alivyoyasema, mpe mratibu siku hiyo hiyo. Mratibu aende kwa msimamizi wa kituo, na kama msimamizi ndiye anayetajwa, aende ofisi ya serikali ya eneo hilo inayohusika na watoto, akiongozana na mchungaji mwenyeji.

*Mwenzenu ameweka picha ya watoto kwenye hali ya WhatsApp.* Aifute mbele ya mratibu, na amwombe mlezi radhi mwenyewe. Akirudia, safari ijayo hayumo.

*Homa imempanda mtu.* Apimwe malaria siku hiyo hiyo, asimeze dawa kwa kukisia. Anayekohoa au kuharisha asikaribie watoto wala jikoni.

*Mlezi hapokei simu.* Mchana anafua, jioni analisha. Mpigie watoto wakishalala, saa 3 usiku kwao, yaani saa 4 ya Kigoma. Na uwe na kalamu mkononi, maana hatakuwa na muda wa kurudia orodha mara mbili.